"Build" inapogoma: dalili, vyanzo na tiba kwa anayeanzia kwenye "kujenga"

Kitenzi hiki hufundishwa mapema shuleni, kwa hiyo kila mtu anaamini anakijua. Kisha mtembeza wageni anasimama mbele ya msikiti wa Kaole, magofu ya kale karibu na Bagamoyo, anasema "This mosque built in thirteenth century", wageni wanaitikia kwa adabu, na hakuna wa kumsahihisha. Karani wa kikundi naye anaandika "We built them capacity" kwenye ripoti ya mfadhili, ripoti inarudi na mstari mwekundu bila maelezo.

Maana ya "build" haimshindi mtu. Kinachosumbua ni "jenga" iliyokaa kichwani. Kitenzi chetu kina mikia: jengwa, jengea, jengewa, jengesha, jengeka, jengeana. Kila mkia una kazi yake, na mzungumzaji huutumia bila kufikiri. "Build" haina mkia hata mmoja. Kazi hizo Kiingereza kimezigawa kwa maneno ya pembeni: was, for, with, have, on. Ukihamisha kitenzi ukausahau mkia, sentensi inabaki kilema. Basi ukikwama, usiitazame "build" kwanza. Jiulize: kwa Kiswahili ningesema jenga, jengwa au jengewa? Jibu hilo ndilo linaloonyesha neno lililokosekana.

Dalili: "builded", "was build", "did not built"

Umbo ni build, built, built. Liko ukoo mmoja na send–sent, lend–lent, spend–spent na bend–bent: d ya mwisho hugeuka t. (Si kila neno la sura hiyo lipo kwenye ukoo, mend huwa mended.) "Builded" si neno la kubuni. Limo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Zaburi 122, "Jerusalem is builded as a city", na aliyelizoea huko hulitoa kwa kujiamini kabisa. Leo ni ukale, kama mtu kukuandikia barua kwa Kiswahili cha tenzi.

"Was build" ni kosa la sikio. Kwenye mazungumzo ya haraka d na t za mwisho karibu zinamezwa, na anayeandika anavyosikia hukosea. Tiba yake ni kutazama neno moja tu, lile lililotangulia (not usiihesabu). Likiwa was, were, is, are, be, been, being, have, has au had, andika built. Likiwa did, didn't, to, will, can, must au should, andika build. Neno moja, si mawili: katika "will be built" usidanganywe na will, maana lililogusana na kitenzi ni be.

"Did not built" ingeweza kuzuiwa na Kiswahili chenyewe. Tunasema "hawakujenga". Alama ya wakati imekaa kwenye -ku-, na jenga imebaki ilivyo. Hakuna anayeweka wakati mara mbili. Did inafanya kazi ya hiyo -ku-. Wakati umeshalipwa hapo, kitenzi hakidaiwi tena.

Dalili: msikilizaji anauliza "sorry?"

Herufi u haitamkwi. Ni "bild" na "bilt", silabi moja. Ulimi wetu umezoea maneno yanayoishia na irabu, kwa hiyo huongeza mkia wa sauti: "bilidi", "bilti". Mgeni anasikia silabi ambazo hazimo kwenye neno lake.

Njia rahisi ni kuazima irabu ya neno linalofuata. "Built in" itamke kama "bil-tin", "built of" kama "bil-tov", "built it" kama "bil-tit". Irabu ipo tayari, huhitaji kuongeza yako. Kazi ngumu inabaki kwenye "built by", ambako neno linalofuata linaanza na konsonanti: weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu kwa ajili ya t, usiachie pumzi, funga midomo kwa b. Mara kumi mbele ya kioo zinatosha kuuzoeza mdomo.

Dalili: jengo limejijenga lenyewe

Hapa ndipo penye hasara kubwa kwa watembeza wageni. "This mosque built in the thirteenth century": kwa sikio la Mwingereza, ama msikiti ndio uliojenga kitu, ama sentensi haijaisha na anangoja sehemu ya pili. Chanzo ni mkia -w- wa "ulijengwa" ulioachwa nyuma. Kwa Kiingereza -w- hiyo ni neno zima, na linabadilika kwa wakati:

Linajengwa: is being built.
Lilikuwa linajengwa: was being built.
Lilijengwa: was built.
Limejengwa: has been built.
Litajengwa: will be built.
Lingejengwa: would be built.

Inayowaangusha wengi ni ya kwanza. Mtu anakumbuka is, anasahau being, anasema "the school is built" akimaanisha inajengwa. Kinachosikika ni kwamba shule imekwisha na kupauliwa. Wengine husema "the school is building". Ajabu ni kwamba karne ya 18 Waingereza wenyewe walisema hivyohivyo, kabla ya "is being built" kukubalika, lakini hakuna mtahini atakayekupa alama kwa sababu hiyo.

Ya nne ina mtego wake. Kwenye mazungumzo yetu "Boma limejengwa mwaka 1897", yaani lile la Wajerumani pale Bagamoyo, hupita bila mtu kushtuka, kwa sababu -me- inasema Boma lipo, limesimama, unaliona. Kiingereza hakikubali: mwaka ukitajwa, has been huondoka. "The Boma was built in 1897." Has been hubaki pale ambapo tarehe haipo na jambo lina uzito leo, kwa mfano "A new market has been built near the beach." Na -me- ikiwa inaeleza hali tu, si tendo, kama "nyumba imejengwa kwa mawe", tumia is: "The house is built of stone."

Jambo moja linalofanana na hili, ingawa kitenzi ni kingine. Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa mwaka 1868. Usiseme "was built in 1868", maana kilichoanzishwa ni misheni, na majengo yana tarehe zake mbalimbali. Sema "was founded in 1868". Hiyo -ed isidondoke: "was found in 1868" ni kwamba iliokotwa.

Dalili: "Amejenga Kiromo" inaishia hewani

Kwa Kiswahili "amejenga" peke yake ni habari kamili. Ana kwake, hapangi tena. "He has built in Kiromo" humwacha mgeni akingoja: amejenga nini? Mpe kitu chake: "He has built himself a house in Kiromo." Kama uzito uko kwenye kumiliki na si kwenye ujenzi, achana na build kabisa, sema "He has his own house in Kiromo."

"Jengeka" nayo ina mambo. "Magomeni imejengeka" si "Magomeni has built". Ni "Magomeni is built up", yaani nyumba zimebanana. Ndilo neno hilohilo katika "built-up area", eneo la makazi ambako dereva hapa Tanzania anatakiwa asizidi kilomita 50 kwa saa. Na "kiwanja hiki hakijengeki", pengine kwa sababu maji hutuama, ni "This plot can't be built on." Hiyo on ya mwisho watu huikata wakidhani imezidi. Ukiikata umesema kiwanja chenyewe hakiwezi kutengenezwa.

Dalili: mwenye nyumba amegeuka fundi

"I built a house" inaweza kumaanisha ulitoa fedha, na inaweza kumaanisha ulishika mwiko. Kiingereza kinavumilia utata huo kama sisi tunavyovumilia "nimejenga". Lakini kwenye maombi ya kazi, mkataba au mazungumzo na mkandarasi, utata ni gharama. Mkia wa "jengesha" kwa Kiingereza ni have, na built huja baada ya kitu: "I had a house built." Nyumba inakaa katikati.

Tazama mpangilio kwa makini. "I had a house built": niliweka fundi akanijengea. "I had built a house": nilikuwa nimeshajenga, kabla ya jambo jingine kutokea. Maneno ni yaleyale matano, ni built tu iliyohama kiti. Anayejaza fomu ya kuomba kazi ya uashi anataka la pili au "I have built houses". Mwenye duka anayesimulia mradi wake anataka la kwanza. Kama ujenzi unaendelea, sema "We are having a house built."

"Jengewa" ni ndugu yake. "Watoto walijengewa nyumba na mjomba wao" ikihamishwa neno kwa neno inatoa "The children were built a house by their uncle", ambayo inaeleweka ila ina uzito mdomoni. Iliyo nyepesi humweka mjomba mbele: "Their uncle built them a house." Mjomba asipotajwa, nyumba huja mbele na for hufuata: "A house was built for them."

"Kujengea" ya chombo au kifaa hudai with. "Fedha za kujengea" ni "money to build with". Lakini "mawe ya kujengea" yanayouzwa kwa lori ni "building stone", na kibao cha duka la vifaa vya ujenzi kiandikwe "Building Materials": building bila s, materials ikiwa nayo, na bila kale kakoma ka juu ambako wachora vibao hukapenda sana.

Dalili: "kwa" moja, makosa matano

Hapa hapatoshi kukariri. Chukua sentensi moja ambayo mtembeza wageni anaweza kuisema mbele ya nyumba yoyote ya zamani mjini: "Nyumba hii ilijengwa kwa mawe na chokaa, kwa mkono, kwa miaka mitatu, kwa fedha za biashara, kwa ajili ya familia moja." Kwa imetokea mara tano. Kiingereza kitakupa neno tofauti kila mara.

Kwa mawe na chokaa: of. "Built of coral stone and lime." Of hutumika pale kitu kinapobaki kuonekana ndani ya jengo. Waingereza pia husema "built from" na "built out of". Hiyo ya mwisho hufaa zaidi pale ambapo kitu hakikukusudiwa kwa ujenzi, kama kibanda kilichojengwa kwa mabati chakavu au mbao za masanduku. Ukisema "built by coral stone" umeyafanya mawe kuwa mafundi. Ni kosa la kawaida kuliko yote ya kundi hili, kwa sababu by ndiyo tafsiri ya kwanza ya kwa tuliyofundishwa.

Kwa mkono: by hand. Hapa by ni sahihi, na hand haina s wala the.

Kwa miaka mitatu: inategemea. "In three years" inasema ilikamilika ndani ya miaka hiyo. "Over three years" inasema kazi ilitandazwa muda huo wote, pengine kwa kusimama na kuanza tena. "For three years" huenda na kazi isiyotajwa kuisha, na "was built for three years" inasikika kana kwamba nyumba ilikusudiwa idumu miaka mitatu, kisha ibomoke.

Kwa fedha: with. "Built with money from trade."

Kwa ajili ya: for. "Built for one family." By inabaki na kazi moja kubwa, ya "na": ilijengwa na nani. "Built by local masons."

Kwa hiyo: "This house was built by hand of coral stone and lime, over three years, with money from trade, for one family." Ni ndefu mno kwa mgeni aliyesimama juani. Igawe mara mbili. Anza na vifaa, mawe na chokaa, maana ndivyo macho yake yanaviona.

Dalili: kitenzi kizuri, kitu kisicho chake

Kiswahili cha pwani hakijengi chombo, kinakiunda. Dau linaundwa, jahazi linaundwa. Kiingereza hakina tofauti hiyo, ni build tu: "They are building a dhow on the beach." Usihangaike kutafuta neno la kuunda, "creating a dhow" inachekesha. Mtumbwi wa gogo ni habari nyingine. Unachongwa, na kwa Kiingereza pia "it is hollowed out of a single log". Ngalawa ina yote mawili, bodi la kuchonga na mirengu ya pembeni ya kufungia, kwa hiyo mtembeza wageni makini husema "carved" kwa bodi na "built" kwa chombo kizima.

Mlango wa nakshi haujengwi: "made" kwa seremala, "carved" kwa mchongaji. Kisima "is dug". Paa la makuti "is thatched". Hema na uzio wa seng'enge "are put up", ila ukuta "is built". Ndege naye hujenga kiota, build bila wasiwasi. Moto una mambo mawili: "build a fire" ni kuzipanga kuni hadi moto ushike, "light a fire" ni kuwasha tu. "Construct" ni build iliyovaa suti. Iache kwa mikataba na barabara. "Erect" hutumika kwa mnara au msalaba, lakini ina maana nyingine ya mwilini ambayo vijana kwenye kundi la wageni hawatakosa kuicheka. "Put up" ni salama.

Dalili: uwezo unaojengwa, ukosoaji unaojenga

"Kuwajengea uwezo" ni msemo uliojaa kwenye kila ripoti ya semina. "We built them capacity" imebeba mkia wa jengewa kwa nguvu. Kitu cha build hapa ni capacity, na wenye uwezo huja baadaye kwa of: "to build the capacity of women fish traders". Hiyo ni sahihi, ila ni kavu. Mfadhili anayesoma ripoti nyingi kwa siku atakushukuru ukisema kilichofundishwa: "We trained women fish traders in bookkeeping and cold storage." Hapo build imeondoka na hakuna aliyeikosa.

Ukosoaji wa kujenga ni "constructive criticism", kamwe si "building criticism". Kujenga tabia ni "form a habit" kwa tabia moja. "Build character" ni kumfanya mtu imara. Kujenga hoja: "make" au "build an argument", zote zinafaa. Kujenga imani ya watu kwako: "build trust". "Vyakula vya kujenga mwili" vya vitabu vya shule huitwa "body-building foods" hapa kwetu, lakini mgeni akisikia hivyo anafikiria mtu wa kunyanyua vyuma; kwake sema "protein foods". Taifa linajengwa bila shida: "build the nation".

Dalili: "build" bila mjenzi

Wakati mwingine build haina fundi wala kitu, maana yake ni kuongezeka kidogo kidogo. Nahodha anayepeleka wageni kwenye fungu la mchanga akisema "The wind is building", hajakosea: upepo unazidi, afadhali turudi. Foleni, chumvi kwenye bomba na hasira hupewa up: "Salt builds up in the pipes." Bila up, chumvi inatafuta cha kujenga.

"Build on" ina sura mbili. "Build on last year's work" ni kuendeleza palipoishia, na haina uhusiano na kiwanja. "Build on a room" ni kuongeza chumba kwenye nyumba iliyopo. "Build in" ni kukifanya kitu kiwe sehemu ya ukuta. Kabati lililojengewa ukutani ni "a built-in cupboard", kwa kistariungio kikiwa mbele ya nomino.

Na ukikuta "build" kwenye fomu, karibu na urefu na rangi ya macho, usiandike "one house, three rooms". Hapo ni umbo la mwili. Majibu ni slim, medium au heavy.